Vichwa vya Jumatatu

Harufu ilinikuta kwenye benchi la kliniki, si mbali na chumba nilichopanga hapa Bellevue. Mfanyakazi alikuwa anapiga deki kwa ile dawa kali ya kuua vijidudu, inayoingia puani na kukaa humo mpaka jioni. Pembeni yangu walikaa mama mmoja wa Kikongo na binti yake mwenye sare za shule, nywele zimesukwa jana au juzi, bado zinang'aa mafuta. Dawa ya deki na mafuta ya nywele. Kila moja peke yake nimeinusa mahali pengi, Durban, Lusaka, Windhoek, kote nilikozunguka bila kutulia. Lakini zikiwa pamoja, sikuwahi kuzinusa tena tangu nilipokuwa na miaka kumi.

Kisha muuguzi akaja na faili mkononi. Hakukuwa na chumba kilicho wazi, basi akainama palepale mbele ya benchi na kusema na yule mama kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini. Mama akamgeukia binti.

"Anasema nini?"

Muuguzi alikuwa amesema mambo matatu. Kwamba majibu ya kipimo si mazuri. Kwamba itabidi alazwe, na isichelewe. Kwamba arudi wiki ijayo, na safari hiyo aje na mtu mzima wa kusimama naye. Binti alivuta soksi yake mpaka ikafika gotini, ndipo akajibu.

"Anasema urudi wiki ijayo."

"Basi?"

"Basi."

Mimi niliyasikia yote matatu. Jina langu likaitwa, nikaingia, nikatoka, na wale wawili walikuwa wameshaondoka. Sakafu ilikuwa imekauka lakini harufu ilikuwepo bado, na nilitembea nayo mpaka nyumbani.

Tulikaa Berea wakati ule, mtaa mwingine wa mji huu huu, ghorofa ya sita, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla sisi hatujafika. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Upande huu mimi na Mama, upande wa pili familia ya Warundi ambao niliwajua kwa vikohozi vyao kabla sijawajua kwa sura. Baba alibaki njiani tulipotoka Bukavu, na habari zake si za kusimulia leo.

Mama alikuwa msusi. Siku sita alisuka katika saluni ya viti vitatu, akisimama tangu asubuhi mpaka miguu inavimba. Siku ya saba, Jumatatu, saluni ilipofungwa na wasusi wenzake wote wakilala au kufua, yeye alibeba kikapu chake na kwenda kusuka bure.

Alikuwa akisuka wagonjwa. Kule Observatory, mlimani, kulikuwa na nyumba kubwa ya zamani yenye veranda na sakafu ya mbao, na watu wa makanisa mawili matatu walikuwa wameigeuza makao ya wanawake ambao hospitali ziliwaruhusu kwa sababu hazikuwa na la kuwafanyia tena, na ambao hawakuwa na ndugu mjini. Ugonjwa wenyewe haukutajwa. Wakati ule ulikuwa hautajwi, na vidonge vya kuuzuia havikuwa vimewafikia watu kama wale. Kila aliyeisaidia ile nyumba alitoa alichonacho. Fundi cherehani mmoja alishona mapazia na mashuka. Mlinzi mmoja, akitoka zamu, alikuja na sare zake zile zile kubeba wasioweza kutembea na kuwapeleka uani wapate jua. Mama hakuwa na kitu kingine cha kutoa ila vidole.

Alinisubiri nje ya lango la shule, kikapu mkononi: kigunia cha uzi mweusi, chanuo la mti, kopo la mafuta. Tulipita Yeoville, tukavuka barabara kubwa kwenye roboti, kama watu wa hapa wanavyoziita taa za barabarani, kisha tukaanza kupanda. Juu kule hewa ilikuwa nyingine. Watu hawakuonekana, ila mbwa nyuma ya kila lango.

Nywele za wale wanawake zilikuwa zimebadilika kwa ugonjwa. Zilikuwa laini kama za mtoto mchanga, nyepesi, zimelala kichwani bila nguvu. Ukizisuka mistari ya kawaida, msuko unafumuka wenyewe kabla ya jioni. Uzi tu ndio ulioshika. Mama aligawa nywele kidogo kidogo, akazungusha uzi kuanzia kwenye shina, taratibu, kwa sababu ngozi ya kichwa ilikuwa na vidonda. Kichwa ambacho saluni kingemchukua nusu saa, kule kilichukua saa nzima. Ndiyo maana hakuweza zaidi ya vichwa vitatu. Siku njema sana, vinne.

Sikuelewa wakati huo kwa nini walijali. Walikuwa hawawezi kumeza uji, lakini nywele walizitaka. Mama alinieleza mara moja tu, njiani. Kwetu mwanamke akifumua nywele na kuziacha hivyo, ana matanga. Ndivyo anavyotambulika, hahitaji kusema. "Sasa wale," Mama alisema, "wamelala pale vichwa vimefumuka, kama wanaojililia wenyewe. Nani anataka kulala hivyo?"

Na mimi pia nilikuwa na kazi yangu. Nilikuwa mdomo.

Nyumba ile iliendeshwa na Sista Nomsa. Hakuwa mtawa. Alikuwa muuguzi mstaafu, na hapa muuguzi wa kike huitwa sista. Mwanamke mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, anayejua Kizulu na Kiingereza. Mama alijua Kiswahili, Kimashi na Kifaransa cha shule ya msingi. Baina yao hakukuwa na neno hata moja isipokuwa mimi, niliyejifunza Kizulu na Kiingereza uwanjani shuleni kwa kuchekwa kwanza. Kila Jumatatu Sista alisimama mlangoni mwa chumba kikubwa, akaangaza vitanda vinane juu ya miwani, akaniinamia.

"Mwambie mama yako, huyu kwanza. Halafu yule wa dirishani. Halafu yule pale kwenye kona. Wengine, akipata nafasi."

Nikamgeukia Mama. "Huyu kwanza. Halafu wa dirishani. Halafu wa kwenye kona."

Mama akatikisa kichwa kwa heshima, Sista akatikisa chake, na kazi ikaanza. Mwisho wa kichwa cha tatu Sista alileta chai ya Mama, sukari vijiko vitatu, katika kikombe chenye maua ambacho hakuna mwingine aliyekitumia. Nilijiona mtu mkubwa. Watu wazima wawili hawakuweza kufanya lolote mpaka mimi nifungue mdomo.

Aliyeniharibia furaha ile ni Mama Chausiku, bila kukusudia. Alitoka Tabora. Alikuwa amekaa pale kuliko wote na alikuwa na maneno kuliko wote, na kichwani alifunga kitambaa chekundu ambacho hakukifungua. Mama akimkaribia na chanuo, alipiga kelele.

"Mwenzangu, kwangu usisogee! Niache na kilemba changu."

Siku moja Mama alikwenda kunawa mikono, na Mama Chausiku akaniita kwa kidole.

"Wewe mtoto. Umeona mama yako anavyofanya? Yule ni msusi wa abiria. Akikusuka Jumatatu, Jumatatu ya pili kitanda kinatandikwa upya. Mimi ng'o! Akinishika sana, basi anisuke twende kilioni, nifike huko nimeshajiandaa."

Twende kilioni ni ile mistari minne mitano ya harakaharaka anayosukwa mwanamke aliyepata habari za msiba. Walioelewa Kiswahili walicheka mpaka wakakohoa. Mama aliporudi akaelezwa, na yeye akacheka, akampiga Mama Chausiku kofi dogo la mguu juu ya blanketi.

Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama vitanda. Dada wa Zambia aliyekuwa dirishani alisukwa, na wiki iliyofuata hakuwepo. Bibi wa Kiswazi alisukwa, hakuwepo. Yule mrefu wa Kinshasa aliyeniita mkwe wake alisukwa Jumatatu mbili nyuma, na shuka za kitanda chake zilikuwa mpya, zimekunjwa kona vizuri. Na Mama Chausiku, aliyekataa chanuo, alikuwa bado amekaa kitandani anatafuna barafu na kutukana serikali tatu. Kwa akili ya miaka kumi, ushahidi ulikuwa kamili. Na anayetaja nani kwanza alikuwa nani? Nilikuwa mimi. Sista alisema kwa lugha ambayo Mama hakuijua. Neno lililofika kwa Mama lilitoka kinywani mwangu.

Jumatatu tatu nilikwenda pale nikivihesabu vitanda tangu mlangoni. Nilitafsiri kama kawaida. Mtu wa kumweleza sikumjua.

Kitanda cha pili kutoka mlangoni kilikuwa cha Yaya Sifa; kwetu yaya ni dada mkubwa. Alitoka Lubumbashi, na nadhani hakuwa amefika miaka ishirini na tano, ingawa shingo yake ilikuwa imebaki mishipa tu. Aliniita *petite*, yaani kadogo kwa Kifaransa. Wakati Mama anasuka wengine, mimi nilikaa kwenye kitanda chake na kumfundisha zile sauti za Kizulu za kubonyeza ulimi. Alishindwa kila mara. Ulimi wake ulitoa mlio wa mtu anayembembeleza mbuzi, na yeye mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi.

"Petite, miaka minne niko hapa, sijaweza kusema hata jina la mtaa wangu. Nilikuwa naonyesha dereva kwa mkono, kama bubu."

Siku moja alinishika kifundo cha mkono. "Mama yangu iko njiani," aliniambia.

Alikuwa ameondoka kwao kwa ugomvi, hakuaga, hakuandika. Watu wa kanisa walimtafuta mama yake mpaka wakampata, na sasa mama huyo alikuwa anakuja kwa basi, apite Zambia, apite Zimbabwe, afike Ijumaa ya wiki iliyofuata. Yaya Sifa alimwita Mama, akamwomba mbele yangu.

"Mama Mapendo, Jumatatu inayokuja unisuke miye. Kwa uzi. Yeye ndiye alikuwa ananisuka toka utoto. Akinikuta na kichwa hiki, ataona nimejikalia matanga mwenyewe."

"Usiwe na shaka, mdogo wangu," Mama alimwambia. "Nitakusuka mpaka mama yako adhani amekosea kitanda."

Jumatatu hiyo ikafika. Yaya Sifa alikuwa amelala, kinywa wazi, midomo imepasuka. Hakuamka tulipoingia. Sista Nomsa alisimama mlangoni, lakini hakuangaza vitanda. Aliinama karibu zaidi kuliko siku zote, na nilinusa dawa ya deki kwenye mikono yake.

"Mwambie mama yako, leo Sifa kwanza. Asiharakishe. Wengine wanaweza kungoja."

Akaondoka kwenda jikoni, na siku hiyo hakurudi hata na chai.

"Anasemaje?" Mama aliuliza, tayari anafungua kopo la mafuta.

Nakumbuka mkono wa kikapu uliokatika, umefungwa kwa uzi ule ule mweusi. Nakumbuka niliutazama huo nikisema.

"Anasema Yaya Sifa asiguswe leo. Ana homa, aachwe alale. Uanze na wa dirishani."

Mama alimtazama Yaya Sifa, akanitazama mimi. Hakuwa na sababu ya kunishuku. Sista ndiye aliyesomea homa. Mama alikwenda dirishani.

Tulipokuwa tunafungasha, Yaya Sifa aliamka.

"Mama Mapendo. Zamu yangu?"

"Sista anasema upumzike. Una homa, mdogo wangu. Jumatatu."

"Mama anafika Ijumaa."

Aliisema polepole, kama mtu anayemkumbusha mwingine kitu kidogo. Mama aliweka kikapu chini. Akaniambia, "Kamuulize tena Sista. Mwambie ni kichwa kimoja tu, nitakwenda taratibu, mama yake anakuja."

Nilikwenda. Ukumbi ulikuwa mrefu na mbao zake zililia. Jikoni Sista alikuwa anasaga vidonge kwa mgongo wa kijiko. Aliniuliza ninataka nini. Nikasema maji. Alinipa kikombe, nikanywa chote, nikasimama pale mpaka nikaona muda wa kuuliza na kujibiwa umepita. Kisha nikarudi.

"Anasema hapana."

"Sawa," Yaya Sifa alisema. "Jumatatu basi." Akajaribu kunitolea ule mlio wa Kizulu ili nicheke, lakini kinywa kilikuwa kikavu.

Nataka kusema kwamba niliteremka mlima ule nikijuta. Haikuwa hivyo. Niliteremka nikirukaruka. Kwenye roboti Mama alinishika mkono kwa nguvu, akaniuliza leo nimekula nini shuleni. Nilikuwa nimemwokoa mtu. Nilikuwa nimeidanganya Jumatatu yenyewe, na Ijumaa Yaya Sifa angekuwa bado yuko kitandani mwake.

Jumatano Mama alinitoa darasani. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo. Alisimama mlangoni na kanga ya kazi kiunoni, na mwalimu akaniambia nichukue mkoba wangu. Sista alikuwa amepiga simu saluni, na msusi mwenzake Mama anayejua Kiingereza kidogo aliambulia jina la Sifa na neno moja tu, nalo lilitosha. Mama angeweza kwenda peke yake. Lakini alihitaji mdomo.

Kitanda cha pili kutoka mlangoni kilikuwa kimeshavuliwa shuka. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani. Nililitazama, nikatafuta kichwani mwangu msuko ambao ungeeleza jambo lile, sikuupata. Hakusukwa. Nilikuwa nimehakikisha. Hakusukwa, na kitanda kilikuwa kitupu.

Sista Nomsa alitutoa mpaka ukumbini. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ya kazini. Aliniambia gari la kumchukua linakuja jioni, na kwamba Sifa yuko chumba cha nyuma. Nikatafsiri. Kisha akavua miwani.

"Muulize mama yako kwa nini alimwacha. Nilisema Sifa kwanza. Nilikwambia umwambie. Alikuwa ananionyesha nywele zake kwa mkono mpaka jana usiku. Muulize kwa nini."

Nilisimama katikati yao. Nimefanya kazi za kila aina tangu hapo, nimelala vituo vya mabasi, nimekimbia polisi mara moja. Sijawahi kusimama mahali pembamba kama pale. Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa na uongo mwingine tayari, ulikuwa umeshafika ulimini. Lakini niliuona ukumbi mrefu na kikombe cha maji, na nikachoka.

"Anauliza kwa nini ulimwacha Yaya Sifa," nilimwambia Mama. "Alisema Yaya Sifa kwanza. Aliniambia mimi."

Mama alinitazama kama anavyotazama nywele kabla ya kuzigawa, akitafuta mstari unaanzia wapi. Akaupata. Niliona akiupata. Sista alikuwa anangoja, miwani mkononi.

"Mwambie nilichoka," Mama alisema.

"Mama..."

"Mwambie. Nilichoka, nikataka kurudi nyumbani mapema."

Nikalisema kwa Kiingereza. Sista alimtazama Mama muda mrefu. "Hawu," alisema tu, kwa mshangao wa Kizulu, kisha akavaa miwani yake na kutufungulia chumba cha nyuma. Baada ya siku ile alimsalimu Mama kama kawaida na kumshukuru kama kawaida, lakini kikombe chenye maua hakikutoka tena. Mama alikunywa chai kwenye kikombe cha bati kama kila mtu, Jumatatu zote zilizobaki.

Chumba cha nyuma kilikuwa na baridi na dirisha moja dogo. Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaweka kichwa cha Yaya Sifa mapajani, akafungua kopo la mafuta.

"Shika uzi," aliniambia. Hakunipiga wala hakunifokea. Afadhali angenipiga.

Nilishika kigunia, na uzi ukatoka mkononi mwangu kwenda mkononi mwake, saa mbili nzima. Alikwenda taratibu kama anayeogopa kuumiza. Mara moja aliniambia nimwinulie kichwa ili afikie kisogo. Kilikuwa kizito kuliko nilivyojua kichwa kinaweza kuwa. Tulipomaliza Mama alipangusa mafuta yaliyotiririka kwenye paji la uso, kwa kidole gumba. Nje gari lilikuwa linageuka, linapiga honi kwenye lango.

Ijumaa mama yake alifika. Mwanamke mdogo, mweusi, mwenye begi la nailoni la mistari lililochanika zipu. Watu wa kanisa walimpeleka mahali mwili ulipowekwa, na Mama na mimi tuliongozana naye kwa sababu Mama alisema lazima twende. Yule bibi hakulia mara moja. Alipitisha kiganja juu ya msuko, uzi mmoja baada ya mwingine, mpaka kisogoni. Kisha alipiga magoti kwenye begi lake, akatoa samaki wakavu, akatoa unga, na chini kabisa akatoa uzi mweusi, mpya, bado una karatasi.

"Nilimbebea uzi," alisema. "Nilijua hapa hawatamjulia kichwa chake. Nilisema nitamsuka mwenyewe." Akageuka. "Nani alimsuka?"

"Ni mimi, Mama," Mama alisema.

"Lini?"

"Jumatatu. Alikaa mwenyewe kwenye kiti. Alisema mama yangu anakuja."

"Alicheka?"

"Sana."

Bibi alimwekea Mama ule uzi kiganjani, akamfumba vidole. "Basi wasukie wengine."

Tulirudi kwa miguu. Ghorofa ya nne ya jengo letu Mama alisimama apumzike, akashika chuma cha ngazi.

"Uongo wa leo ni wangu," alisema. "Niliutaka mwenyewe. Ule niliomwambia Sista Jumatano ni wako. Nimekubebea tu, mpaka ukue."

Hakuutaja tena. Jumatatu iliyofuata alinipitia shuleni kama kawaida. Sista alisimama mlangoni, akanitazama, kisha akaonyesha vitanda kwa kidole, kimoja, viwili, vitatu. Hakuhitaji mdomo wangu. Nikakaa chini karibu na Mama Chausiku kwa sababu hakukuwa na kitanda kingine cha kukaa.

"Nimesikia," aliniambia. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba, na yeye alielewa kila neno la ukumbini. "Ulifanya kusudi. Kwa nini, mtoto wewe?"

"Ulisema akisuka mtu, anakwenda."

Mama Chausiku alichezea pindo la blanketi.

"Jamani," alisema. "Jamani, mwanangu. Ulikuwa mzaha wa kitandani. Sista anawatanguliza wanaokaribia, ili wasiondoke na vichwa vimefumuka. Nani angewaua kwa uzi?" Kisha, kwa sauti nyingine, "Mimi namkataa mama yako kwa sababu naogopa siku Sista atakayonionyesha mimi kidole."

Alionyeshwa kabla majira ya baridi hayajaisha. Alifungua kitambaa mwenyewe. Chini yake hakukuwa na nywele za kutosha hata mstari mmoja, na Mama alimpaka mafuta tu, polepole, kichwa kizima, kwa muda ule ule ambao angemsuka.

Mama amekwisha kufariki. Alirudi Bukavu kuzeeka, na mimi nilikuwa mji mwingine, kama kawaida yangu. Nilizika kwa simu. Yule bibi wa Lubumbashi huenda hayuko hai tena. Sista Nomsa sijui. Nyumba ya Observatory ina waya wa umeme juu ya ukuta sasa, na mtu anaishi humo. Nimekua, nimepita miaka arobaini, na mzigo niliobebewa hauna tena mtu wa kumrudishia.

Jumatatu iliyofuata baada ya siku ile ya benchi, nilirudi kliniki. Sikuwa mgonjwa. Nilimwambia dada wa mapokezi kwamba najua Kiswahili, Kizulu, Kiingereza na Kifaransa kidogo, na kwamba Jumatatu sina kazi. Alinitazama kama anayetafuta nilichokuja kuuza.

"Hatulipi," alisema.

"Najua."

"Eish. Kaa pale basi."

Sijui nitakaa mji huu Jumatatu ngapi. Najijua. Lakini ile moja nilikaa, na kabla ya saa nne wakaingia, yule mama na yule binti. Ilikuwa wiki ijayo, na walikuja wawili tu, kwa kuwa mama hakuambiwa aje na mtu mwingine. Nywele za binti zilikuwa zimeanza kuchakaa. Muuguzi alikuja na faili ile ile, akainama, akasema yale yale, safari hii kwa ukali kidogo, akiuliza yuko wapi mtu mzima. Mama akamgeukia binti.

Niliinuka kabla mtoto hajafungua mdomo. Nikamuuliza muuguzi kama naweza, akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia binti, "Kaa, mwanangu. Hii si kazi yako." Kisha nikachuchumaa mbele ya mama yake, nikamsalimu, nikamwambia yote matatu kwa mpangilio ule ule yalivyosemwa.

Hakunitazama mimi. Alimgeukia binti yake, akamtazama muda mrefu, akitafuta mstari unaanzia wapi. Na binti akawa anavuta soksi.